Nasaba Ukutani: Mbao za Ukoo wa St John

Kanisa la Mtakatifu Maria huko Lydiard Tregoze, karibu na mji wa Swindon kusini-magharibi mwa Uingereza, ni kanisa dogo la kijiji, lakini ndani yake mna kumbukumbu ya ukoo isiyo ya kawaida. Ni mbao zilizopakwa rangi na kuunganishwa kwa bawaba, zinazofungwa na kufunguliwa kama milango ya kabati. Zikifunguliwa huonekana picha ya watu wa ukoo mmoja, karibu na ukubwa wao halisi. Kwingineko mbao hizo zimejaa ngao, majina na mistari ya nasaba. Aliyezitengenezesha mwaka 1615 ni Sir John St John, kwa heshima ya wazazi wake wawili: baba aliyefariki mwaka 1594, naye akiitwa Sir John, na mama, Lucy Hungerford, aliyefariki mwaka 1598.

Mapenzi ya mwana kwa wazazi yapo, ila hayatoshi kueleza kazi kubwa namna hiyo. Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza alianzisha cheo kipya cha baroneti, kinachorithiwa na mwana kutoka kwa baba. Aliyekitaka alilipa pauni 1,095, kiasi cha kuwatunza askari 30 huko Ireland kwa miaka mitatu. Fedha peke yake hazikutosha. Mwombaji alitakiwa pia kuwa na babu, mzaa baba, aliyekuwa na haki ya kutumia nembo. Sir John alikuwa katika kundi la kwanza kabisa, la Mei 1611. Kwa watu wa tabaka lake, basi, nasaba ilikuwa hati yenye thamani kama hati ya shamba, na kanisa la parokia lilikuwa mahali pazuri pa kuitandaza mbele ya majirani.

Wazo la kwamba kaburi ni ushahidi lilikuwa na nguvu ya serikali. Katika misukosuko ya mageuzi ya dini ya karne ya 16, sanamu nyingi makanisani zilivunjwa, na makaburi ya watu wakubwa hayakusalimika. Mwaka 1560 Malkia Elizabeth wa Kwanza alitoa tangazo la kukataza uharibifu huo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba kumbukumbu zikifutwa, watu watashindwa kujua nani ametoka kwa nani, na njia ya urithi itavurugika.

Kulikuwa pia na maofisa waliokagua madai ya namna hii. Chuo cha Nembo, kilichopewa hati yake na Mfalme Richard wa Tatu mwaka 1484, kilikuwa na wakuu waliogawana nchi: Clarenceux alishughulikia kusini mwa mto Trent, na Norroy kaskazini. Kuanzia mwaka 1530 hadi miaka ya 1680 walizunguka wilaya kwa wilaya, wakawaita wenye nembo waje na ushahidi wao, wakaandika nasaba zao vitabuni, na ngao za waongo walikuwa na mamlaka ya kuziharibu. Ushahidi uliokubaliwa ulikuwa hati, mihuri, vioo vya rangi vya madirishani na makaburi. Ajabu ni kwamba maofisa hao hao walilipwa na wateja waliotaka mababu wenye sifa, na nasaba za zama hizo zina mababu kadhaa ambao hakuna anayeweza kuwathibitisha.

Nasaba ya Lydiard iliandaliwa na Richard St George, wakati huo akiwa Norroy. Hakuwa mgeni. Mkewe, Elizabeth, alikuwa shangazi yake Sir John. Mkaguzi, kwa maneno mengine, aliandika habari za wakwe zake.

Ili kuzisoma mbao hizo inabidi kujua ngao inavyosema. Ngao ya St John ni ya fedha, ambayo wachoraji huionyesha kwa rangi nyeupe, na sehemu ya juu ni nyekundu yenye nyota mbili za dhahabu. Ya Hungerford ni nyeusi, ina mikanda miwili ya fedha na juu yake miduara mitatu ya fedha. Mume na mke wakioana, nembo zao huwekwa ubavu kwa ubavu katika ngao moja: ya mume upande wa kulia wa mwenye kuishika ngao, ya mke kushoto. Kwa kawaida muungano huo huishia kwa wawili hao. Lakini mke akiwa hana ndugu wa kiume, watoto wake hurithi nembo ya baba yake na kuiingiza katika robo ya ngao yao. Ngao yenye vyumba vingi, kwa hiyo, ni orodha ya wanawake waliokuja na urithi, ingawa jina linalotajwa juu yake ni la mwanamume.

Hapo ndipo Lydiard inapovutia zaidi, kwa sababu shamba lenyewe lilisafiri kwa njia hiyo. Kutoka kwa ukoo wa Tregoze lilipita kwa Sybil Tregoze, aliyeolewa na William de Grandison. Likaendelea kwa binti yao Mabel, aliyeolewa katika ukoo wa Patshull. Kisha kwa Sybil Patshull, mke wa Roger Beauchamp. Mwishowe likamfikia Margaret Beauchamp katika karne ya 15. Mume wake wa kwanza alikuwa Oliver St John. Mwana wao wa pili, Oliver pia, ndiye aliyeachiwa Lydiard. Wanaume wa St John hawakuiteka wala kuinunua. Waliipata kwa bibi yao.

Margaret huyo alileta jambo jingine. Mumewe Oliver alipofariki mwaka 1437, aliolewa tena na John Beaufort, Mtawala wa Somerset, akamzaa Margaret Beaufort, mama wa Mfalme Henry wa Saba. Watoto wa St John wakawa ndugu wa mama mmoja na mama wa mfalme. Hawakupata hata tone la damu ya kifalme, maana undugu ulipitia kwa Margaret Beauchamp, ambaye hakuwa wa ukoo wa wafalme. Hata hivyo Mfalme James, mjukuu wa kizazi cha nne wa Henry wa Saba, alitokana na Margaret Beauchamp huyo huyo, na undugu wa aina hii haukuachwa bila kutajwa.

Katika picha ya kati wazazi wamepiga magoti juu ya kaburi. Upande mmoja amesimama mwana wao na mkewe Anne Leighton, na upande mwingine dada zake sita. Kwa dada hao mtandao wa ukoo ulitanuka haraka. Katherine aliolewa na Giles Mompesson, aliyehukumiwa na Bunge mwaka 1621 kwa kutumia vibaya leseni za kibiashara alizopewa na mfalme. Lucy alimzaa Lucy Hutchinson, mwandishi wa habari za maisha ya mumewe aliyekuwa kanali wa upande wa Bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya mfalme. Barbara aliolewa na Edward Villiers, ndugu wa baba mmoja wa Mtawala wa Buckingham, kipenzi cha mfalme. Baba mdogo wa dada hao, Oliver St John, alipopewa heshima ya vaikaunti, alichagua jina la kale kutoka kwenye nasaba, Grandison, na kwa kuwa hakuwa na mtoto cheo kiliandikiwa wana wa Barbara. Leo bado kimo katika ukoo wa Villiers, mikononi mwa Maeli wa Jersey.

Sir John hakuishia kwenye mbao. Mwaka 1634, akiwa hai, alijijengea kaburi la sanamu ambamo amelala kati ya wake zake wawili. Anne, aliyefariki mwaka 1628 baada ya kuzaa watoto 13, amepakata mtoto mchanga. Margaret Whitmore, wa pili, alikuwa bado anaishi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliondoa wana watatu waliompigania mfalme. Mmoja wao, Edward, aliyefariki mwaka 1645, ana sanamu yake iliyopakwa rangi ya dhahabu humo kanisani, akitoka hemani na mavazi ya vita. Sir John mwenyewe alifariki mwaka 1648, na mwishoni mwa karne ya 17 vizazi vipya viliongezwa kwenye mbao za nasaba. Nyumba ya ukoo iliyo jirani na kanisa ilinunuliwa na halmashauri ya Swindon mwaka 1943. Mbao zimebaki kanisani.