Barza la hewani: namna watu wetu walivyopata neno katika redio



Wengi wenu mlizaliwa mkakuta redio inasema na watu, na watu wanaijibu. Mama anayeuza unga sokoni anapiga simu kueleza kwa nini kipimo kimepanda bei. Kijana wa motari analalamika juu ya vizuizi vya barabarani. Mwalimu anauliza kwa nini wazazi bado wanabeba mzigo wa shule. Shefu wa mtaa anapewa nafasi ya kujibu. Mwongozaji wa kipindi anawagawia neno kwa muda wa saa moja, kisha habari zinaendelea. Ninyi mnaliona jambo hilo kuwa la kawaida kama mvua ya Novemba. Sisi tuliowatangulia tunajua kwamba si la kawaida hata kidogo. Lilichukua zaidi ya miaka hamsini kulipata, na wako waliolilipia kwa uhai wao. Ndiyo maana tunapenda kulitafakari pamoja nanyi.

Kabla ya redio

Mazungumzo ya hadhara hayakuletwa na mashine. Katika mashariki ya inchi yetu watu walikuwa na mahali pa kusemea mambo ya wote. Warega walikuwa na lusu, nyumba ya wanaume ya kijiji. Wanande wana kyaghanda, neno ambalo mpaka leo linataja mahali pa kukutana na kushauriana. Kiswahili kikaleta neno barza, nalo limekaa Kivu hata likaingia katika Kifaransa chetu.

Hatusemi kwamba yote ya zamani yalikuwa mazuri. Mara nyingi wanawake na vijana walisikiliza kutoka pembeni, na neno la mwisho lilikuwa la wazee. Lakini barza lilikuwa na kanuni moja ambayo tunawaomba muishike akilini mpaka mwisho wa tafakari hii: unayemsema yuko mbele yako, anasikia unalosema, na atakujibu. Mtu akisema uongo, anausema mbele ya wale wanaojua ukweli.

Kipaza sauti kisicho na sikio

Redio ilipofika Kongo haikuja kama barza. Mwaka 1937 mapadri Wayezuiti walianzisha Radio Léo katika Collège Albert, huko Léopoldville. Mwaka 1940, Ubelgiji ilipokuwa imetekwa na Wajerumani, Radio Congo Belge ikaanza kutangaza kutoka mji huohuo. Wasikilizaji waliofikiriwa kwanza walikuwa Wazungu. Mwaka 1949 ndipo vilipopangwa vipindi maalum kwa ajili ya Waafrika, na vipaza sauti vikawekwa katika viwanja vya mitaa ili wasio na redio nyumbani wapate kusikia. Tuangalie vizuri mpango huo. Kipaza sauti kina mdomo, lakini hakina sikio. Watu walikusanyika kama barzani, ila hakuna aliyeweza kujibu.

Uhuru haukuligeuza jambo hilo mara moja. Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960, Rais Joseph Kasavubu alitangaza kwa redio kwamba amemwachisha kazi Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Jioni hiyohiyo Lumumba naye akaenda kwenye redio kumjibu. Tarehe 14 Septemba, Kanali Joseph-Désiré Mobutu akatangaza, kwa redio vilevile, kwamba anawaweka wanasiasa kando. Katika siku zisizozidi kumi viongozi wa inchi changa walipata somo ambalo hawakulisahau: anayeshika redio ameshika ufunguo wa serikali. Tangu hapo redio ililindwa na askari kama ghala la silaha.

Chini ya chama kimoja, La Voix du Zaïre ilikuwa mali ya Dola, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsifu kiongozi. Sisi tuliokuwa shuleni wakati ule tunakumbuka hotuba ndefu na nyimbo za kumshangilia. Hata hivyo, neno la watu likikuta mlango umefungwa hutafuta dirisha. Huko Lubumbashi kundi la michezo la Mufwankolo lilipata dirisha hilo katika redio, halafu katika televisheni. Waliigiza, katika Kiswahili cha mjini, maisha ya mitaani jinsi yalivyo: mume na mke, ndugu anayekuja kutembea asirudi, mlevi, mfanyakazi na mkubwa wake. Watu walicheka kwa sababu walijiona. Profesa Johannes Fabian, aliyechunguza utamaduni wa Katanga kwa miaka mingi, ameandika jinsi kundi hilo lilivyotunga mchezo mwaka 1986 kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Katika miaka ile, kulisema jambo hilo hadharani, hata kwa kuchekesha, kulihitaji moyo.

Sisi walimu tunakitaja pia kwa shukrani kituo cha Candip cha Bunia, kilichofungamana na Chuo cha Ualimu cha ISP. Kwa njia ya redio kilipeleka mafundisho vijijini, na hivyo kikaonyesha kwamba redio inaweza kuwa ya shule na ya mkulima, si ya mkubwa tu.

Mwaka ambao inchi ilijisikia

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Tarehe 7 Agosti 1991 ulifunguliwa Mkutano Mkuu wa Taifa, ule tuliouita Conférence Nationale Souveraine, ambao baadaye uliongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Mijadala yake ilirushwa hewani. Kwa mara ya kwanza watu wa kawaida walisikia, kwa sauti za Wakongo wenyewe, mambo ambayo hapo awali yalinong'onwa: mali ya taifa imekwenda wapi, nani aliuawa, nani alinyamaza. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tulisongamana karibu na redio moja, na betri zikiisha tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo.

Tarehe 19 Januari 1992 serikali ikausimamisha mkutano. Tarehe 16 Februari, kwa mwito wa walei, Wakristo waliandamana Kinshasa na katika miji mingine wakidai ufunguliwe tena. Askari wakapiga risasi, na watu wakafa. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa Aprili. Tunapoadhimisha Wakristo hao kila mwaka, tukumbuke walichokidai. Hawakudai chakula wala vyeo. Walidai mazungumzo ya inchi yaendelee mbele ya watu wote.

Redio inapata sikio

Baada ya hapo hewa ilianza kufunguka. Sheria ya tarehe 22 Juni 1996 ikaweka kanuni za uhuru wa habari, na redio za mitaa, za majimbo na za mashirika zikazaliwa kwa wingi. Huko Bukavu, Radio Maendeleo ilikuwa imekwisha kuanzishwa na mashirika ya raia mwaka 1993. Ubunifu wake mkubwa haukuwa mitambo. Ulikuwa vikundi vya wasikilizaji: watu wa mtaa au wa kijiji walikutana, wakasikiliza pamoja, wakajadili maji, mashamba, afya na kodi, kisha mawazo yao yakarudi hewani. Kipaza sauti kikapata sikio. Tunajua kwamba jambo hilo lilikuwa na nguvu, maana mwaka 1999 waasi wa RCD waliokuwa wakitawala mji waliifunga redio hiyo. Hakuna anayefunga kitu kisichomsumbua.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba katika miaka hiyohiyo jirani yetu Rwanda ilionja uchungu wa redio ya namna nyingine. Radio RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilikuwa na vichekesho, muziki na wasikilizaji waliopiga simu. Ilifanana na barza. Lakini waliosemwa humo hawakuwa na nafasi ya kujibu. Waliitwa mende, na mwaka 1994 wakawindwa. Baadaye mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu baadhi ya waanzilishi wake. Tunalisema hili ili tusiisifu redio kijingajinga. Kupiga simu peke yake hakuleti barza. Barza ni pale anayesemwa anapokuwa na neno.

Tarehe 25 Februari 2002, siku ileile Wakongo walipoanza mazungumzo ya amani huko Sun City, Radio Okapi ilianza kutangaza, ikiwa kazi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Inchi ilikuwa imekatwa vipande na majeshi. Mtu wa Goma hakuweza kwenda Kinshasa kwa urahisi. Redio hiyo ikasikika pande zote za mistari ya vita, kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Katika kipindi chake cha Dialogue entre Congolais, watu wa pande zinazopingana walikaa mbele ya maikrofoni moja. Wengi wetu tulisikia humo, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, mpinzani akieleza sababu zake bila kukatizwa.

Gharama haikukawia. Tarehe 13 Juni 2007 Serge Maheshe, mpasha-habari wa Radio Okapi, aliuawa kwa risasi Bukavu. Tarehe 21 Novemba 2008 mwenzake Didace Namujimbo aliuawa katika mji huohuo. Kesi zilihukumiwa na mahakama za kijeshi, lakini mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba ukweli wote haukutafutwa. Kila mara tunapowasha redio na kumsikia jirani akieleza shida ya mtaa wake, tujue kwamba nafasi hiyo ina makaburi chini yake.

Zamu yenu

Leo ninyi mnabeba mfukoni chombo kinachosema kwa mbali kuliko Radio Congo Belge. Lakini tuwaulize: je, chombo hicho ni barza, au ni kile kipaza sauti cha mwaka 1949? Ujumbe unaokuja bila jina, unaosema kwamba kabila fulani limetia sumu kisimani au kwamba kijiji fulani kinaficha silaha, una mdomo bila sikio. Aliyeutunga hayupo kuulizwa, na anayesemwa hayupo kujibu. Katika mashariki yetu, ujumbe kama huo unaweza kuchoma nyumba kabla jua halijatua.

Historia tuliyoipitia inatuachia mazoezi matatu. Kwanza, tusipokee neno juu ya mtu au kabila kabla hatujauliza: yeye mwenyewe amejibu nini? Pili, tujifunze kusikiliza hoja ya mpinzani mpaka mwisho, maana anayekatiza wenzake katika mkutano mdogo wa parokia atakatiza inchi nzima akipewa cheo. Tatu, tuseme kwa majina yetu. Neno lenye mwenyewe hupimwa. Neno lisilo na mwenyewe hutupwa tu gizani, likaumiza yeyote linayemkuta.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tunaongeza: mradi wengi hao wanasikilizana.

Maswali kwa ajili ya vikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye husemwa sana lakini hapewi nafasi ya kujibu? Tunawezaje kumpatia nafasi hiyo?

2. Chagueni kipindi kimoja cha mazungumzo katika redio ya kwenu, mkisikilize pamoja kwa muda wa mwezi mmoja. Baada ya kila kipindi, mmoja aeleze hoja ya yule ambaye hakubaliani naye, mpaka wenzake waseme: ndiyo, hivyo ndivyo alivyosema.

3. Wazee wa parokia walisikiliza wapi Mkutano Mkuu wa Taifa mwaka 1991 na 1992? Nendeni mkawaulize, mwandike majibu yao, na mwandike majina yao pia, wakikubali.