KANSA NA SUKARI: Jeni ikiharibika, seli inabadilisha mpaka namna ya kula

Kuna mama hapa mtaani mwanae ana uvimbe wa taya, hospitali walishampa tarehe ya kuanza dawa. Akaambiwa na jirani kwamba kansa inakula sukari, kwa hiyo amnyime mtoto sukari na uji, uvimbe utakufa wenyewe kwa njaa, hospitali aachane nayo. Mimi si daktari, nimeishia fomu foo, lakini hili jambo nimelisoma sana. Jirani ameshika nusu ya ukweli, na hiyo nusu inaweza kuua mtoto. Tuanze mwanzo.

1. SELI NZIMA INAPATAJE NGUVU?
Kumbukeni baiolojia. Chakula kinavunjwa kuwa glukosi. Seli inaikata glukosi vipande viwili na kupata ATP 2 tu, ambayo ndiyo "chenji" ya nguvu mwilini. Vile vipande vinaingia kwenye mitokondria, vinaunguzwa kwa oksijeni, na jumla inafika ATP kama 30 hivi. Ukikimbia sana mpaka oksijeni isitoshe, misuli inaishia hatua ya kwanza na kutoa asidi ya laktiki.

2. WARBURG ALIONA NINI?
Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba vipande vya uvimbe wa kansa vinameza glukosi kwa wingi na kutoa asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo. Yaani ATP 2 badala ya 30, kwa hiari! Yeye aliamini mitokondria zimeharibika na ndiyo chanzo cha kansa. Hapo alikosea: kwenye kansa nyingi mitokondria bado zinafanya kazi. Kinachobadilika ni amri, na amri zinatoka kwenye jeni.

3. KWA NINI SELI IKUBALI HASARA?
Chukulia una gogo la mti. Ukilichoma lote unapata moto mwingi, lakini huna mbao. Seli ya kansa inataka kugawanyika, yaani kujenga nyumba ya pili kila mara. Inahitaji mbao: kaboni za kutengenezea DNA, mafuta ya kuta zake na protini. Kwa hiyo sehemu ya glukosi inaenda kwenye ujenzi, na kwa vile inameza nyingi na haraka, nguvu haiipungukii.

4. JENI ZINAZOHUSIKA (chache tu)
MYC: Hii inatuhusu sana. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mara nyingi kipande cha kromosomu namba 8 chenye MYC kinahamia namba 14, karibu na jeni ya kutengeneza kinga ambayo inafanya kazi muda wote. MYC nayo inawaka bila kuzimwa. Inaagiza milango zaidi ya kuingiza glukosi, vimeng'enya zaidi vya kuikata, na matumizi makubwa ya glutamini. Ndiyo maana uvimbe huu unakua kwa kasi ya ajabu.

SDH: Hii ni mashine ya ndani ya mitokondria kabisa. Mwaka 2000 ilionekana kwamba familia nyingine zinarithi kasoro yake na kupata uvimbe nadra wa shingoni. Mashine ikikwama, kemikali iitwayo suksineti inarundikana, na seli inadanganyika kwamba oksijeni imeisha. Inaita mishipa mipya ya damu na kumeza glukosi zaidi. Waliogundua jinsi seli inavyopima oksijeni walipewa Nobel mwaka 2019.

IDH1: Mwaka 2008 ilikutwa imebadilika kwenye kansa za ubongo. Kimeng'enya kinaacha kazi yake na kutengeneza kemikali nyingine, 2-hidroksiglutareti, ambayo inavuruga usomaji wa DNA, seli inabaki haikomai. Dawa za kukizuia zipo: ivosidenib iliruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa kansa ya damu, na vorasidenib mwaka 2024 kwa kansa ya ubongo.

5. HOSPITALI INATUMIAJE?
Kipimo cha PET: mgonjwa anachomwa glukosi iliyotiwa mionzi kidogo, mashine inaonyesha inakorundikana. Kingine ni kupima LDH kwenye damu, kimeng'enya cha asidi ya laktiki. Kwenye Burkitt, ikiwa juu sana ni dalili kwamba uvimbe ni mkubwa.

6. SASA TUKIACHA SUKARI?
Hapana, wadau. Ukiacha sukari, ini linatengeneza glukosi lenyewe, kwa sababu ubongo na damu haviishi bila hiyo. Kansa itachukua fungu lake, na ikikosa itatumia glutamini na mafuta. Anayekonda ni mtoto, na mtoto aliyekonda anashindwa kuhimili dawa. Kupunguza soda na unene ni afya njema, lakini siyo tiba.

Na hapa ndipo panauma: ile kasi ya Burkitt ndiyo udhaifu wake. Dawa nyingi za kansa zinapiga seli zinazogawanyika haraka, kwa hiyo watoto wengi wanaowahi wanapona. Mtoto akivimba taya, meno yakalegea bila sababu au tumbo likajaa, usisubiri wiki. Mpeleke hospitali.

Yule mama nilikaa naye, nikamchorea gogo na mbao kwenye karatasi. Tarehe ya hospitali ameirudia, na uji mtoto anakunywa. Kama kwenu kuna uvumi kama huu, print hii umpelekee mhusika. Maoni ruksa hapo chini, madaktari mlioko humu msahihishe nilipoteleza.