Je, Mwanamke Afundishe Dini?

Swali hili ni la zamani, nawe msomaji utaulizwa siku moja, ikiwa hujaulizwa bado. Makanisa mengi yamelijadili, na mengine yamegawanyika kwa ajili yake. Wale wasemao kwamba mwanamke asifundishe kanisani hutoa hoja mbili. Ya kwanza hutoka katika Maandiko: mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anawaagiza wanawake wanyamaze katika kusanyiko, na katika waraka wa kwanza kwa Timotheo mwanamke haruhusiwi kufundisha. Ya pili hutoka katika desturi: husemwa kwamba mwanamke kuwa mwalimu wa dini ni jambo geni lililoletwa na Wazungu, wala wazee wetu hawakulijua.

Hoja ya kwanza nitaigusa baadaye. Hoja ya pili ni ya historia, na historia haipendi kusemewa; hutaka kuulizwa. Basi na tuiulize, tukianzia katika visiwa vya Lamu. Labda utashangaa, maana wenyeji wa visiwa hivyo ni Waislamu tangu karne nyingi, na swali letu ni la makanisa. Lakini mtu akidai kwamba pwani yetu haikumjua mwanamke mwalimu wa dini, ni haki tuitafute pwani mahali ilipo ya kale zaidi kwa dini na elimu.

Katika kisiwa cha Pate kuna mji uitwao Siyu. Katika karne ya 19 mji huu ulisifika kwa wanazuoni, kwa mafundi, na kwa waandishi walionakili Kurani kwa hati nzuri. Mtawala wake aliitwa Bwana Mataka, mtu shujaa aliyekataa kumtii Sayyid Said wa Unguja. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Sayyid yalikwenda kuushambulia Siyu yakarudi yameshindwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, akamwacha mjane wake, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, pamoja na watoto wawili. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulikuwa mzito. Alijua kwamba huenda binti yake, Mwana Hashima, akabaki bila mama wa kumwongoza. Mwaka 1858 akatunga utenzi wa beti zipatazo 100, akamwachia mwanawe.

Watu wengi wanaoutaja utenzi huo husema kwamba ni wasia juu ya mke kumtii mume. Si uongo, lakini si ukweli wote. Mwana Kupona anaanza na dini. Anamwita bintiye akae karibu na karatasi na wino. Anamwambia ashike dini, azitimize faradhi, na asiache sunna akiweza. Kisha amche Mungu na Mtume wake, awaheshimu baba na mama, na ndipo amtaje mume. Anamfundisha adabu, ukweli wa ulimi, na namna ya kukaa na watu. Mwishoni anaomba dua, kwa ajili ya nafsi yake, ya watoto wake na ya Waislamu wote. Mtu anayefanya mambo hayo, yaani kueleza wajibu wa mwanadamu mbele ya Mungu, kutoa sababu zake na kuomba, tunamwitaje? Akiwa mwanamume tungemwita mwalimu bila kufikiri. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Walipokwisha kusema hivyo walikuwa wamekwisha kumpa mama kiti cha mwalimu.

Tena, fundisho hilo halikubaki chumbani. Mwana Kupona mwenyewe hakutaka libaki humo, kwa kuwa karibu na mwisho wa utenzi anawaita wanawake wote wausome na kuyafahamu maana yake. Utenzi ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu, ukasomwa na kukaririwa Lamu na kwingineko. Mtaalamu wa Kiswahili, Alice Werner, alifika pwani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kutafuta mashairi ya kale. Aliuchapisha utenzi huo mwaka 1917, na mwaka 1934 ukatoka tena katika kitabu alichokitengeneza pamoja na William Hichens. Leo wanaume kwa wanawake, Waislamu kwa Wakristo, wanausoma shuleni na katika vyuo vikuu.

Hata hivyo, msomaji, mwanahistoria hana ruhusa ya kupamba. Mwana Kupona hakudai kupanda mimbari ya msikiti, wala hakupinga mamlaka ya wanaume. Pengine angeshangaa kuona jina lake katika mjadala huu. Yeye, tena, alikuwa mke wa mtawala, katika nyumba yenye watumwa wa kufanya kazi, na katika beti zake anawataja watumwa hao. Elimu yake ilitegemea nafasi ambayo wanawake wengine, waliotwanga na kuteka maji, hawakuipata. Kwa hiyo historia yake inathibitisha jambo moja tu, ila ni jambo kubwa: mwanamke kufundisha dini si ugeni katika pwani hii. Alifundisha, akasikilizwa, na maneno yake yakahifadhiwa na jamii yake kabla shule yoyote ya misheni haijajengwa Lamu.

Na wale wanawake waliokuwa katika utumwa? Kwa habari zao inatupasa kusafiri kusini mpaka Unguja, na hapo ndipo tunapoingia katika habari za kanisa. Huko Mbweni, Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na shule ya wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1877 alifika Mwingereza mmoja, Caroline Thackeray, akaiongoza shule hiyo hadi mwaka 1902, naye akaishi Mbweni hata alipokufa mwaka 1926. Baadhi ya wasichana wa Mbweni wakawa walimu wenyewe, Unguja na bara, wakifundisha watoto kusoma, kuhesabu na kumjua Mungu. Lakini katika ibada, mwanamke aliyefundisha watoto siku sita aliketi siku ya saba, akamsikiliza mwanamume.

Hapo swali letu linaonekana wazi zaidi. Kumbe kanisa halikumkataza mwanamke kufundisha; lilimkatazia mahali. Aliruhusiwa darasani na nyumbani, akazuiwa mimbarani. Hata Maandiko yenyewe yanatutaka tufikiri kabla ya kukata shauri. Timotheo, yuleyule aliyeandikiwa waraka wenye katazo, anasifiwa katika waraka wa pili kwa imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Katika Matendo ya Mitume, Prisila pamoja na Akila mumewe walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Katika waraka kwa Warumi, Fibi anatajwa kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Wako wasemao kwamba katazo la Paulo liliwahusu watu wa mahali pale na wakati ule. Wako wasemao kwamba ni amri ya siku zote. Pande zote mbili wamo watu wanaoipenda Biblia, nawe usimdharau yeyote kati yao.

Makanisa nayo yamejibu kwa njia mbalimbali. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Teresa wa Avila na Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa, wanawake wa kwanza kupewa jina hilo, ingawa Kanisa Katoliki haliwapi wanawake upadre. Mwaka 1982 Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilimweka wakfu Nyambura Njoroge, mwanamke wake wa kwanza kuwa mchungaji. Mwaka 1983 Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliwapa wanawake ukasisi. Na mwaka 2021 Kanisa la Kianglikana la Kenya likapata maaskofu wanawake, Emily Onyango akiwa askofu msaidizi wa Bondo na Rose Okeno akiwa askofu wa Butere. Makanisa mengine hayajakubali, na yana haki ya kueleza sababu zao.

Mimi sikuandika ili nikupe jibu la kanisa lako. Kazi yangu ni kufundisha walimu, nami nataka ujifunze kutenganisha maswali. Kuuliza kama mwanamke aweza kufundisha dini ni kuuliza jambo lililokwisha kujibiwa, katika pwani hii mwaka 1858, na katika nyumba ya Eunike zamani zaidi. Swali lililobaki ni hili: ikiwa tunayapokea mafundisho yake tukiwa watoto magotini pake, na kuyasoma vitabuni yeye akiwa kaburini, ni kwa sababu gani tunayakataa akiwa hai, amesimama mbele yetu? Anayesema kwamba sababu iko, na aitoe. Lakini asiseme tena kwamba wazee wetu hawakumjua mwanamke mwalimu. Walimjua, wakamsikiliza, wakayanakili maneno yake kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, yasipotee.