Siti binti Saad: Sauti ya Unguja Iliyohifadhiwa Bombay

 

Katika toleo hili wenzangu wameandika habari za hekalu letu na za wazee walioliasisi. Mimi naomba nafasi ndogo nimweleze mwanamke wa Kiislamu wa Unguja, ambaye historia yake inatugusa sisi wenye asili ya Gujarat kuliko tulivyozoea kukiri.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, nao walikuwa katika utumwa. Mtoto akapewa jina la Mtumwa, jina lililotangaza hali yake kabla hajajua kusema. Sheria ya kuufuta utumwa ilipotoka Unguja mwaka 1897, alikuwa msichana aliyekwisha jifunza ufinyanzi kwa mama yake. Alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti, na huhadithiwa kwamba watu walimtambua kwa sauti hiyo kabla ya kumwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko mwanamuziki Ali Muhsin aliisikia sauti yake, akawa mwalimu wake kama guru kwa mwanafunzi, akamfundisha uimbaji na matamshi ya Kiarabu. Naye Mtumwa akajulikana kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Taarab wakati huo ilikuwa na harufu ya jumba la kifalme. Ililetwa kutoka Misri enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Subeti Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, waliiimba kwa Kiswahili, ikafahamika hata kwa mpagazi na muuza samaki. Waliomwonea wivu walimkumbusha vyungu vyake na nasaba yake. Yeye alijibu kwa wimbo ulioiweka akili mbele ya sura.

Wala hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake uitwao Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alivukia bara akaokoka, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Neno ambalo mnyonge hakuweza kulisema mbele ya hakimu, Siti aliliimba mbele ya mji mzima.

Mwaka 1928 yeye na kundi lake walipanda meli kwenda Bombay, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Sahani hizo za santuri zilienea mwambao na bara, na wengi waliozitia madukani walikuwa watu wetu.

Marehemu baba alinisimulia kwamba babu alikuwa na gramafoni katika duka lake hapa Tukuyu, kando ya mizani ya chumvi. Mchana ilipigwa sahani ya Siti, mlango ukiwa wazi, ili wanaopita waingie. Usiku gramafoni ilihamishiwa chumba cha nyuma, mlango ukafungwa, zikapigwa nyimbo za Kihindi. Wimbo wa mchana tuliuita biashara. Wa usiku tuliuita utamaduni. Hakuna aliyewaza kuwa sauti zote mbili zilitoka ng'ambo ile ile ya bahari, na mwanamke aliyetuletea wateja hakupewa hata kiti katika mazungumzo ya nyumbani.

Kosa hilo halikustahili watu wanaomheshimu Mirabai, binti wa kifalme aliyedharauliwa na jamaa zake kwa kuimba hadharani pamoja na mafukara. Gauhar Jaan naye, aliyerekodiwa Calcutta mwaka 1902 miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa India, alisifiwa sauti na watu wale wale waliosita kumkaribisha majumbani mwao.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, Bi Kidude akaziimba nyimbo zake hadi uzeeni, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kikaliita jarida lake Sauti ya Siti.

Sisi wa Tukuyu tumebaki na deni dogo. Nimeiomba kamati kwamba jioni ya sherehe, bhajan zitakapokwisha na chai ikiandaliwa, upigwe wimbo mmoja wa Siti uani kwetu, milango yote ikiwa wazi. Majirani, tafadhali msisimame barabarani kama mlivyosimama zamani nje ya duka la babu. Ingieni, tukae pamoja tumsikilize.