Uuguzaji kama Sehemu ya Tiba: Msaada kwa Waliopandikizwa Moyo na Familia Zao

Tiba ya kupandikiza moyo haiishii katika chumba cha upasuaji. Kinga ya mwili huuona moyo uliopandikizwa kuwa ni mgeni, kwa hiyo mgonjwa hutumia dawa za kushusha kinga maisha yake yote. Dawa zikipungua, mwili huushambulia moyo huo. Zikizidi, huathiri figo na kufungua njia ya maambukizi. Kazi ya kulinda mizani hiyo hufanyika zaidi nyumbani, mikononi mwa mgonjwa na jamaa anayemuuguza. Makala haya yanatetea hoja kwamba uuguzaji huo ni sehemu ya tiba, na kwamba mfumo wa afya unaoudai hauna budi kuugharimia.

Kazi hiyo haikuwa ya familia tangu mwanzo. Tarehe 3 Desemba 1967, Christiaan Barnard na wenzake katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, walimpandikiza Louis Washkansky moyo. Moyo ulipiga vizuri, lakini kinga ya mgonjwa ilikuwa imeshushwa mno, na siku ya 18 akafariki kwa nimonia. Philip Blaiberg, aliyefanyiwa upasuaji huo Januari 1968, aliishi miezi 19. Vifo vilipozidi, hospitali nyingi ziliacha kupandikiza moyo, hadi dawa ya siklosporini ilipoanza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1980. Siku hizi zaidi ya nusu ya watu wazima waliopandikizwa huishi miaka zaidi ya 10. Kadiri maisha yao yalivyorefuka, ndivyo sehemu kubwa ya tiba ilivyohama kutoka wodini kwenda nyumbani.

Mzigo wa familia huanza kabla ya upasuaji. Moyo uliohifadhiwa kwenye barafu hudumu takriban saa 4 tu, hivyo mgonjwa aliye kwenye orodha ya kusubiri moyo hutakiwa kuwa karibu na hospitali na simu yake iwe wazi usiku na mchana. Wanaotoka mbali hulazimika kupanga chumba mjini, pengine kwa miezi, na anayewauguza huacha kazi. Wengine huwekewa pampu ya kusaidia moyo, na mtu wa nyumbani hufundishwa kubadili betri zake na kusafisha kidonda mahali waya unapotokea tumboni. Juu ya hayo kuna uchungu wa aina yake: kuusubiri moyo ni kusubiri kifo cha mtu mwingine.

Baada ya upasuaji, uangalizi huwa wa saa kwa saa. Takrolimasi, dawa inayotumiwa sana, kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Siku ya kliniki, dozi ya asubuhi husubiri hadi damu itolewe, la sivyo kipimo cha kiwango cha dawa hupotosha. Balungi haliliwi, kwa kuwa hupandisha kiwango hicho. Katika miezi ya mwanzo mgonjwa hurudi hospitali mara kwa mara ili kipande kidogo cha nyama ya moyo kichukuliwe kupitia mshipa wa shingo na kuchunguzwa. Isitoshe, neva za moyo hukatwa wakati wa kupandikiza, na mgonjwa anaweza asisikie maumivu ya kifua hata mishipa ya moyo inapoziba. Mara nyingi anayeona miguu inavimba, uzito unapanda au pumzi inakata ni mtu anayeishi naye.

Vituo vya upandikizaji vinaujua umuhimu huo. Nchini Marekani, vingi huchunguza kama mgonjwa ana mtu wa kumuuguza kabla ya kumwandikisha, na asiye naye anaweza kukataliwa. Wanaotetea sharti hilo husema kwamba mioyo ni michache, na haifai kupewa mtu atakayeshindwa kuitunza. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaacha swali la haki. Mtu hukosa mwuguzaji kwa sababu ya ujane, uhamiaji au umaskini. Ndugu zake wanaweza kuwapo, ila hawawezi kuacha kibarua. Sharti likibaki peke yake, hali ya kijamii hugeuka kuwa kigezo cha tiba. Kama uuguzaji ni wa lazima kiasi cha kumnyima mtu moyo, basi ni wa lazima kiasi cha kutolewa na hospitali au bima.

Kwa vitendo, msaada huo ni malazi karibu na hospitali, fidia ya kipato kwa mwuguzaji, mafunzo kabla mgonjwa hajaruhusiwa, na ofisa ustawi wa jamii anayeifuatilia familia kwa miaka. Asiye na ndugu apatiwe mhudumu wa kulipwa. Afya ya akili nayo isiachwe, kwani tafiti zimehusisha sonona baada ya upandikizaji na ongezeko la vifo, na mwuguzaji naye huchoka. Vikundi vya waliokwisha kupandikizwa huwapa wageni maarifa ya kila siku ambayo daktari hana. Familia ya aliyetoa moyo pia ina haki ya kuhudumiwa katika msiba wake. Katika nchi kadhaa, barua za shukrani hupitia kwa waratibu bila kutaja majina, na kila upande huamua kama utajibu.