Gari Lenye Mvuto wa Nyuma

Mwaka juzi nilimkabidhi mchapishaji mmoja tafsiri ya kitabu kuhusu mbio za magari za miaka ya 1980. Sura ya tatu ilimhusu mnyonge wangu mpendwa, Lancia 037: gari jepesi la kilo 960 hivi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, ambalo mwaka 1983 liliipokonya Audi Quattro ubingwa wa dunia wa watengenezaji. Nakala iliponifikia nikakuta gari hilo limeelezwa kuwa "lenye mvuto mkubwa wa nyuma". Mke wangu alichungulia ukurasa, akaniuliza siku hizi natafsiri vitabu vya aina gani.

Mimi niliandika *mkamato*. Mhariri alilifuta neno langu mara 41, nimehesabu, akaweka *mvuto* kwa kuwa ndilo lililopitishwa na jopo la istilahi. Jopo lenyewe lilikaa siku tatu katika hoteli ya ufukweni, na mimi sikualikwa. Silitaji hilo kwa kinyongo. Nalitaja ili liingie kwenye kumbukumbu.

Najua walivyofika huko. Walifungua kamusi ya Kiingereza kwenye *traction*, wakateremka hadi kwenye shina la Kilatini, *trahere*, lenye maana ya kuvuta, wakashangilia. Ni shina lile lile lililotuzalia trekta. Katika zama za reli neno lilifaa, maana garimoshi kweli huvuta mabehewa. Lakini kutafsiri shina la neno badala ya kitu kinachotajwa ni sawa na kumwita mtu kwa jina la babu yake kisha ukakasirika haitiki. Tairi la nyuma la Lancia halivuti chochote. Linasukuma. Na kabla halijasukuma, sharti lifanye jambo moja dogo ambalo ndilo tunalolitafutia jina: kuing'ang'ania ardhi isiponyoke. Isitoshe, *mvuto* limeshaajiriwa kwingine. Kuna mvuto wa dunia, kuna mvuto wa sigara, kuna mvuto wa binti wa jirani. Sioni kwa nini tulibebeshe na matairi.

Anayedhani nabishania herufi na afuatane nami kwenye hesabu. Chukua 037 ya mwaka 1984, yenye takriban nguvu za farasi 325. Iweke kwenye theluji iliyoshindiliwa, ambako tairi linaweza kung'ang'ania kwa tatu ya kumi tu ya uzito lililobeba. Tuseme asilimia 60 ya uzito wa gari iko nyuma, kwa kuwa injini imekaa nyuma ya mgongo wa dereva. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, farasi wanaoweza kufanya kazi ni 38. Thelathini na wanane! Wengine wote wanatimua theluji. Gari la kilo 1,100 linalosukuma kwa magurudumu manne, katika theluji hiyo hiyo, linawatumia farasi 72. Ongeza turbo, ongeza silinda, ongeza dua. Bila mkamato farasi wa nyongeza ni wa kuchoma matairi tu. Kwenye lami kavu hadithi inageuka, na ndiyo sababu dereva Markku Alén aliipa 037 ushindi katika mbio za Corsica mwaka 1983 na tena 1984.

Waitalia wa Lancia walilijua jambo hili hata kama hawakuwa na neno langu. Audi walikuwa na turbo, inayosubiri moshi wa ekzosi uizungushe, kisha nguvu inakuja kwa kishindo. Kishindo hicho kikigawanywa kwa matairi manne kinavumilika. Kikiangukia mawili, yanaachia. Kwa hiyo Lancia wakafunga kompresa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, nguvu ikawa inapanda kwa kufuata mguu wa dereva. Mwaka 1984 walipanua injini kutoka sentimita za ujazo 1,995 hadi 2,111. Haikusaidia sana. Peugeot 205 Turbo 16 iliingia mwaka huo huo, nayo inasukuma kwa magurudumu yote, na mwaka uliofuata Lancia wenyewe wakaleta Delta S4 yenye turbo, kompresa na magurudumu manne ya kusukuma.

Sasa *mkamato* nimelitoa wapi? Sikulitoa kichwani, ingawa wapo wanaolieneza hilo. Nililisikia miaka ya themanini, wakati wa masika, njia ya Korogwe kwenda Handeni, nikiwa juu ya pikapu ya Peugeot 404. Tulizama kwenye tope jeusi. Dereva anakanyaga mafuta, gurudumu la kushoto linazunguka kama pia, tope linaturukia usoni, gari liko pale pale. Utingo aliinama, akatazama, akapiga kelele: "Haikamati! Nyote njooni nyuma, kalieni bodi!" Tukasongamana kumi na mmoja juu ya ekseli, na mama mmoja na kapu lake la kuku. Gurudumu likaguna, likakamata, tukatoka. Utingo yule hakuwahi kukaa kwenye hoteli yoyote ya ufukweni.

Na tazama neno lenyewe lilivyoumbwa. *Kama* ni kubana kwa vidole, kama wanavyokamwa ng'ombe. Likitiwa kiambishi -at-, kile cha mgusano, linakuwa *kamata*: kubana na kubaki umegusana. Ndivyo *fumba* lilivyozaa *fumbata*, na kiambishi hicho hicho kimo katika *ambata* na *pakata*. Kimechakaa, hakizai tena, lakini popote kilipobaki utakuta vitu viwili vilivyogandana. Mababu zetu walikuwa na kiambishi kizima cha sarufi kwa ajili ya tairi na barabara kabla hatujaona tairi! Fundi naye analijua: klachi inakamata au haikamati, breki vivyo hivyo. Tulichobakiza ni kuvisha kitenzi m- mbele na -o nyuma.

Mjumbe mmoja, nimeambiwa, alipinga kwamba linanuka polisi. Polisi wana *ukamataji*, hatugombani. Mwenzangu mwingine, msomi na rafiki wa zamani, anashikilia *mshiko*. Lisingekuwa baya kama Dar es Salaam isingekuwepo, maana huko mshiko ni pesa, na hakuna jopo litakalouondoa mdomoni mwa konda. Wanaosema *traksheni* nawaheshimu kidogo. Angalau hawajifanyi.

Matumizi: mkamato, mikamato, gari limepoteza mkamato, kidhibiti-mkamato. Gari lenyewe ni la kusukuma nyuma, la kuvuta mbele au la magurudumu yote.

Mchapishaji aliniahidi kusahihisha katika toleo la pili, hasa sura ya Safari Rally, ambayo ndiyo iliyoniuma zaidi. Kenya ndiko nadharia yangu inakopata misukosuko ya kupendeza: Toyota Celica ya turbo, ya kusukuma nyuma, ilishinda Safari 1984, 1985 na 1986, mara mbili kwa Björn Waldegård na mara moja kwa Juha Kankkunen, huku Audi za magurudumu manne zikisubiri hadi 1987. Mwendo mrefu, mawe na vumbi vilidai gari lisilovunjika kabla ya kudai kingine. Nilitumia kurasa sita kulieleza hilo, na neno lilikuwa lazima liwe sahihi.

Nakala za majaribio zimefika juzi. Mvuto umefutwa kote. Sasa Celica ya Waldegård inaingia Nairobi ikiwa na "mshiko wa kutosha nyuma", na msomaji wa Kariakoo ataachwa akijiuliza kwenye buti mlikuwa na shilingi ngapi.