Vilabu vya Baiskeli za Madoido, Los Angeles

Mwaka 1963 Al Fritz wa kampuni ya Schwinn ya Chicago aliunda baiskeli ya Sting-Ray, baada ya kupata habari za vijana wa California waliozifunga baiskeli za magurudumu madogo usukani wa kupanda juu na kiti kirefu. Fadhila ya asili, kwa insafu, ni ya vijana hao. Wana wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, ambao umri haukuwaruhusu kuendesha magari ya kaka zao yaliyoshushwa karibu na ardhi, waliitwaa baiskeli hiyo, wakasokota vyuma vyake na kuvichovya kromu, wakakivika kiti mahameli, na gurudumu moja wakalijaza hata njiti 144. Vilabu vyao vilirithi adabu za vilabu vya magari: bamba la chuma lenye jina la chama hufungwa nyuma ya baiskeli iliyokwisha kuridhiwa na wenzi.